Vijidudu vya ukutani: kausha ukuta kwanza

Huku Karurumo, Kaunti ya Embu, ninakoishi siku hizi, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huacha kuta zikitoa jasho. Ndipo huonekana vijidudu vyeupe au vya kijivu, milimita 1 au 2, vikikimbia kwenye plasta na nyuma ya kabati. Sisi watu wa Pwani twavijua. Hata kwenye kurasa za vitabu vya zamani vimo, kwani hula ukungu na gundi. Haviumi wala havinyonyi damu, msividhanie kunguni.

Kinachonisikitisha ni mzazi kupuliza sumu chumba wanacholala watoto. Vya leo vitakufa, lakini ukungu ukibaki, vingine vitakuja. Hunywa unyevu wa hewani. Hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa majuma kadhaa, hukauka vikafa.

Basi tafuteni maji yanakotoka: bati linalovuja, bomba lenye ufa, udongo uliorundikana nje ya ukuta. Sogezeni kabati shubiri moja, fungueni madirisha jua likitoka, msianike nguo ndani. Ukungu usugueni kwa maji ya sabuni, kisha kausheni. Na jiki msiichanganye na siki, hutoa gesi yenye sumu.