Kutoka Helsinki hadi Bukoto: Kasi katika Uchanganuzi wa Kiswahili kwa Kompyuta

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu iliyobadili uchanganuzi wa mofolojia kwa kompyuta. Programu yake aliiandika kwa Pascal. Sheria za lugha alizigeuza kwa mkono kuwa majedwali ya hali, kazi ambayo baadaye ilifanywa na kompaila. Mwaka huohuo Lauri Karttunen na wanafunzi wake huko Texas waliiandika upya kwa Lisp, wakaiita KIMMO. Mwaka 1990 ikatoka PC-KIMMO ya Evan Antworth, iliyoandikwa kwa C na kutosha katika kompyuta ya mezani. Kiswahili kiliingia mapema: mwaka 1992 Arvi Hurskainen alichapisha uchanganuzi wake kwa mkabala huo.

Makala haya yanadai kuwa katika historia hiyo sheria za mwanaisimu zilibaki zikisomeka, ilhali kilichoziendesha kilibadilishwa mara kwa mara.

Suala hili lilinifika nyumbani Bukoto, nilipoandika kwa Python programu ya kukata vitenzi vya magazeti. Umbo kama *hawatakupigia* (ha-wa-ta-ku-pig-i-a) hujaribiwa kila mahali linapoweza kukatwa, na katika kila jaribio Python huuliza upya inashughulikia kitu cha aina gani. C huwa imekwisha kuamua hilo kabla programu haijaanza. Kazi ilikesha, umeme ukakatika kabla haijaisha. Nilipopima, niligundua (kwa aibu kidogo) kwamba nilikuwa nikiisoma kamusi nzima upya kwa kila neno. Baada ya kurekebisha hilo, ulemavu uliosalia ulikuwa katika kitanzi kimoja tu. Hicho nilikihamishia Cython, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hugeuza msimbo unaofanana na Python kuwa C. Kazi ya usiku kucha ikaisha kabla chai haijapoa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vikagua tahajia na kamusi vitahitajika. Katika bajeti za miradi ya aina hii huombwa seva kwanza. Mtu wa kupima programu hasahauliki tu, hata nafasi yake haimo.

Nakala ya Python ningali nayo. Matoleo mawili yanapotofautiana, huanza kuiamini ile ya polepole, kwa kuwa wanafunzi wangu wanaweza kuisoma.