Antakya, Mji wa Njia Panda ya Nyufa

Kuanzia Lamu hadi Kigoma, kwenye hitima na kwenye misiba, Surat Yasin husomwa na watu walioihifadhi tangu walipokuwa chuoni. Aya ya 20 inasimulia habari za mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji, akiwasihi watu wake wawafuate mitume. Qur'ani haimtaji mtu huyo kwa jina, wala haiutaji mji. Wafasiri wengi, hata hivyo, wamesema mtu huyo ni Habib an-Najjar, yaani Habib seremala, na mji ni Antakya. Wakristo nao wanaufahamu mji huohuo kwa jina la Antiokia: katika Matendo ya Mitume, ndiko wafuasi wa Yesu walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Ni mji ambao Waswahili wa dini zote mbili wamekuwa nao vinywani tangu utotoni, ingawa wengi hawajapata kuuliza uko wapi wala umepatwa na nini.

Uko kusini kabisa mwa Uturuki, katika jimbo la Hatay, jirani na mpaka wa Syria. Mto Asi, ambao Wagiriki waliuita Orontes, unaukata katikati, na upande wa mashariki umeinamiwa na mlima unaobeba jina la yule seremala, Habib-i Neccar. Aliyeuanzisha ni Seleucus, mmoja wa majemadari wa Alexander, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwa macho ya mtawala alichagua vizuri sana. Maji yalikuwepo, rutuba ilikuwepo, Bahari ya Mediterania haikuwa mbali, na misafara ya kutoka Aleppo na nchi za mashariki ilipita mlangoni. Hakuwa na namna ya kujua kilichokuwa chini ya miguu yake.

Kisa cha chini ya ardhi kinaanzia Afrika. Hapo zamani sana, kabla mwanadamu hajakuwepo, Arabia ilikuwa sehemu ya bara hili. Ikachanika taratibu, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden zikafunguka kati yake na Afrika, na mpasuko wa tatu ukashuka kusini kupitia Ethiopia hadi Kenya na Tanzania, ule tunaouita Bonde la Ufa. Tangu hapo bamba la Arabia, yaani kipande cha gamba la dunia kinachoibeba nchi hiyo, linasogea kuelekea kaskazini kiasi cha sentimita 2 hivi kwa mwaka. Mbele yake kuna bara la Ulaya na Asia, nalo halipishi. Pale yalipogongana, ardhi ilijikunja ikawa milima ya Zagros kule Iran na ile ya Kaukazi. Katikati ya mgongano huo imekwama Anatolia, nchi kavu kubwa ya Uturuki. Atakayebana kokwa la embe bichi lenye utelezi kati ya vidole viwili ataelewa mara moja: kokwa huchomoka kwa pembeni. Anatolia nayo inasukumwa kwenda magharibi, sentimita 2 hivi kila mwaka, ikiteleza juu ya nyufa mbili ndefu, mmoja kaskazini na mwingine mashariki.

Aliyeueleza ulimwengu jambo hili ni mwanajiolojia Mturuki, İhsan Ketin. Tetemeko la Erzincan la mwaka 1939 liliua watu zaidi ya 32,000, na likafuatwa na mengine, mengi yakizidi kuhamia magharibi juu ya mstari uleule. Mwaka 1948 Ketin aliandika kwamba hayo hayakuwa matukio ya ovyo, ila ni ufa mmoja, ule wa kaskazini, unaofunguka kipande baada ya kipande. Mwaka 1999 kipande cha karibu na Izmit, jirani na Istanbul, kilipofyatuka na kuua zaidi ya watu 17,000, waliosoma kazi yake hawakushangaa.

Antakya iko upande wa ule ufa mwingine, wa mashariki. Ufa wa Anatolia ya Mashariki unashuka kutoka kaskazini-mashariki, na ufa wa Bahari ya Chumvi unapanda kutoka kusini kupitia Jordan, Lebanon na Syria. Mpaka wa tatu unatoka upande wa Cyprus chini ya bahari. Yote mitatu inakaribiana hapa, kandokando ya uwanda wa Amik. Mabamba ya Arabia, Afrika na Anatolia yanapigana vikumbo kwenye eneo moja, na ni hapo hasa Seleucus alipojenga.

Neno "kuteleza" lisimdanganye mtu, kwa maana miamba haitelezi kama mtumbwi majini. Kingo za ufa hushikana miaka mia, pengine mia tatu, huku mabamba yakiendelea kusukuma, na nguvu inajikusanya kama kwenye upinde uliovutwa. Siku mshikamano unaposhindwa, deni lote la karne hulipwa kwa dakika moja au mbili.

Deni la kwanza ambalo historia imelihifadhi kwa undani lililipwa Desemba mwaka 115. Mtawala Trajan wa Roma alikuwa Antiokia akijiandaa kupigana na Waparthi, na mji ulijaa askari, wajumbe na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya dola. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kuhusu mngurumo uliotoka ardhini, miti iliyorushwa pamoja na mizizi yake, na vumbi lililozuia mtu kumwona jirani yake. Konsuli Pedo alifariki. Trajan alitoka kupitia dirisha, akaishi siku kadhaa nje, kwenye uwanja wa mashindano ya farasi, huku ardhi ikiendelea kutikisika. Wachimbaji walipofukua kifusi walimkuta mwanamke aliyejilisha yeye na mwanawe kwa maziwa yake mwenyewe. Mahali pengine walimkuta mtoto mchanga akinyonya kwenye kifua cha mama aliyekwisha kufa.

Habari ile ya mtoto inafaa kukumbukwa, maana itarudi.

Mji ulijengwa upya, ukazidi kukua. Mwisho wa Mei mwaka 526, sikukuu ya Kupaa ilikuwa imeleta wageni wengi kutoka nje, na wakati wengi wako majumbani, ardhi ilitikisika tena. Moto ulifuata, ukala kilichosalia. Kanisa Kuu lililojengwa enzi za Konstantino lilibaki limesimama siku kadhaa, kisha nalo likaungua na kuporomoka. John Malalas, mwandishi mwenyeji wa mji huohuo, anasema walikufa watu 250,000. Wanahistoria wengine wanaona amezidisha, lakini hata nusu yake ingekuwa moja ya misiba mikubwa kuwahi kuandikwa. Kule Konstantinopoli, mfalme mzee Justin alivua taji lake kwa huzuni. Miaka miwili baadaye mji ukapigwa tena, na wakazi wakaona dawa ni kuubadilisha jina: ukaitwa Theoupolis, Mji wa Mungu. Mwaka 588 ukapigwa kwa mara nyingine.

Baadaye wakaja Waarabu, wakarudi Wabizanti, wakaja Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1098, na mwaka 1268 Baybars wa Misri akauteka na kuuteketeza. Tangu hapo mji mkuu wa zamani ulibaki mji mdogo. Tarehe 3 Aprili 1872 tetemeko jingine kubwa lilizuka uwandani Amik, likaua watu wapatao 1,800 katika eneo lote na kubomoa sehemu kubwa ya Antakya. Halafu kikaja kimya cha miaka 150. Kimya hicho kiliusahaulisha mji. Mjukuu wa mjukuu wa aliyenusurika mwaka 1872 hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Ndani ya kimya hicho mambo mengi yalifanyika. Ziwa Amik lilikaushwa ili lipatikane shamba, na mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja wa ndege juu ya tope lililokuwa sakafu ya ziwa. Maghorofa yakapanda kwenye mchanga laini wa ukingo wa Asi, na mchanga wa namna hiyo, ukitikiswa, huukuza mtikisiko badala ya kuupunguza. Baada ya msiba wa 1999 Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri za ujenzi, zinazotaja hata nafasi kati ya nondo na nondo. Kanuni zilikuwepo kwenye karatasi. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya msamaha, iliyomruhusu mwenye jengo lililokiuka taratibu kulipa ada na kulisajili kama lilivyo.

Jumapili usiku, tarehe 5 Februari 2023, timu ya soka ya jimbo hilo, Hatayspor, ilikuwa inacheza na Kasımpaşa. Dakika za nyongeza, mchezaji kutoka Ghana, Christian Atsu, ambaye mashabiki wa Afrika Mashariki walimfahamu tangu enzi zake Newcastle, alipiga mpira wa adhabu ukaingia wavuni na kuipa timu yake ushindi. Alikuwa asafiri usiku ule, akaahirisha. Alirudi kulala kwenye nyumba yake katika jengo la ghorofa 12 mjini Antakya, lililokamilika mwaka 2013 na kutangazwa kuwa la kifahari.

Saa kumi na dakika 17 alfajiri ufa wa Anatolia ya Mashariki ulifyatuka, na mpasuko ukakimbia zaidi ya kilomita 300. Ukubwa ulikuwa 7.8. Mchana wa siku ileile likafuata tetemeko la 7.5 upande wa kaskazini. Lile jengo la ghorofa 12 lililala ubavu na mamia ya watu ndani, na mwili wa Atsu ulipatikana tarehe 18 Februari. Uturuki peke yake ilipoteza watu zaidi ya 53,000, Syria maelfu wengine, na hakuna jimbo lililozika wengi kama Hatay. Njia ya kurukia ndege, juu ya ziwa lililokaushwa, ilipasuka na kuinuka, hivyo misaada haikuweza kutua siku zile ambazo kila saa ilikuwa roho ya mtu. Msikiti wa Habib-i Neccar ulianguka. Kanisa la Waorthodoksi likaanguka. Na ng'ambo ya mpaka, Jindires, Syria, waokoaji walimtoa kwenye kifusi mtoto wa kike aliyezaliwa saa chache tu kabla, kitovu chake bado kimeungana na mama yake aliyefariki. Kati ya mtoto huyu na yule wa Cassius Dio imepita miaka 1,907.

Ndani ya Hatay hiyohiyo upo mji mdogo wa Erzin. Hakuna jengo lililoporomoka pale na hakuna aliyekufa mjini humo. Wanajiolojia wanasema ardhi yake ni ngumu kuliko ile ya ukingo wa Asi, na ni kweli. Meya wake naye alisema hawakukubali ujenzi usio na kibali. Sababu zote mbili zina uzito, lakini ardhi haiwezi kubadilishwa, na ya pili ilikuwa mikononi mwa watu. Antakya haikuponzwa na kukosa habari. Iliandikiwa habari zake kwa Kigiriki na Kilatini, kwa tarehe na kwa idadi ya wafu, kuliko miji mingi duniani.

Serikali iliahidi kwamba nyumba mpya hazitazidi ghorofa tatu au nne, na ujenzi umekuwa ukiendelea. Hata hivyo, miaka miwili baada ya tetemeko, mamia ya maelfu ya watu katika majimbo yaliyopigwa walikuwa bado wanaishi kwenye nyumba za makontena. Atakayesoma Yasin wiki hii, akifika kwa yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji, na awaombee dua na hao.