Bagalu na Bagika: kwa nini ngoma za Kisukuma zina mashabiki wa aina nyingi

Pamba ikishauzwa na mahindi yakishaingia ghalani, vijiji vya Simiyu huingia msimu wa ngoma. Kati ya Juni na Agosti, iwe Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, watu hawaulizani kama watakwenda kutazama mbina. Wanaulizana watasimama upande gani. Mbina ndilo jina la ngoma kwa Kisukuma, na ndani ya jina hilo mna aina nyingi, kila moja na watu wake wanaoapa kwamba hiyo ndiyo ngoma yenyewe na nyingine ni kelele.

Makala haya yanaeleza baadhi ya aina hizo, zinapendwa kwa lipi, na ubishi uliopo sasa kuhusu nani anapaswa kumtangaza mshindi.

Ngika na Gumha

Simulizi inayojulikana Usukumani inaanza na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wote walikuwa waganga, wote walikuwa wachezaji, na kila mmoja alidai dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Wakapimana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Magazetini huandikwa Wagika na Wagalu, lakini ni walewale.

Mpaka leo vikundi vingi vya ngoma hujihesabu upande mmoja au mwingine. Hapa wageni wengi hupotea, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Bagalu na Bagika si majina ya mitindo ya kucheza. Ni pande, kama Simba na Yanga. Kikundi hupata upande wake kwa njia ya dawa: kiongozi hupewa na aliyemtangulia, naye alipewa na wa kabla yake, na mnyororo huo hurudi nyuma hadi kwa mmoja wa wale wawili. Ndiyo maana mtu wa Maswa anaweza kukutana na mgeni kutoka Magu, wasijuane kwa ukoo wala kwa kijiji, lakini wakajikuta ndugu kwa sababu ya ngoma.

Kanuni ya mashindano ni rahisi, na kwa maoni yetu ni ya busara kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Vikundi viwili hupiga kwa wakati mmoja, katika viwanja viwili vilivyo jirani. Watazamaji wako huru kwenda na kurudi. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna anayeandika alama. Watu hupiga kura kwa miguu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa vituko vyote vinavyomshangaza mgeni. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, anapoona watu wanaanza kuhamia kwa mpinzani, hana muda wa kusubiri. Atabadili wimbo, atatunga beti papo hapo za kumkejeli mwenzake, ataingiza sarakasi. Zamani vikundi vilichonga hata vinyago vya mbao vyenye mikono inayotikisika, vikachezeshwa katikati ya uwanja ili kuvuta macho. Baadhi ya vinyago hivyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, vimesimama kimya nyuma ya kioo, jambo ambalo wachongaji wake wasingelielewa hata kidogo.

Jembe, nyoka na miiba

Inayojulikana zaidi nje ya Usukumani ni bugobogobo, ngoma ya jembe. Ilitoka shambani. Vijana waliunda kikundi cha kulima, wakaitwa na mwenye shamba, wakapanga mstari, na ngoma kubwa ikapigwa ili majembe yapande na kushuka kwa pamoja. Mpiga ngoma akiongeza kasi, mstari mzima unaongeza kasi. Anayebaki nyuma anaonekana na kila mtu, wakiwemo wasichana waliokuja kutazama. Malipo yalikuwa chakula, pombe au hata ng'ombe. Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za namna hii katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na kwa kuzitazama humo unaona jinsi ulimaji na uimbaji ulivyokuwa jambo moja.

Plau la ng'ombe, na baadaye trekta, vilipunguza haja ya mistari ile. Bugobogobo haikufa, ilihama. Sasa utaikuta kwenye sherehe za serikali, harusi na matamasha, majembe yakirushwa juu na kudakwa badala ya kugusa udongo. Wanaoipenda hupenda uzito wa ngoma na nguvu ya miili. Huhitaji kujua neno moja la Kisukuma ili ikuingie.

Bayeye ni watu wa aina nyingine kabisa. Asili yao ni chama cha wakamata nyoka, chenye siri zake na ujuzi wa dawa za sumu. Hans Cory aliandika habari zao katika jarida la Africa mwaka 1946. Uwanjani hucheza na chatu shingoni, na umati hurudi nyuma hatua tatu kisha husogea mbele nne. Chatu hana sumu, hatari yake ni kubana, lakini hilo halipunguzi mapigo ya moyo ya aliye mstari wa mbele. (Ukiumwa na nyoka kijijini kwako, wahi kituo cha afya; usisubiri ngoma.) Jamaa zao Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, na miiba ya mnyama huyo ndiyo pambo lao.

Halafu kuna wigaashe, inayochezwa wachezaji wakiwa wameketi. Mtu aliyezoea bugobogobo huiona imepoa. Wapenzi wake watakwambia ndiyo pekee inayokuacha usikie maneno. Na maneno Usukumani yamewahi kuwa na kazi nzito: kati ya 1954 na 1958, serikali ya kikoloni ilipoizuia TANU kufanya shughuli zake katika eneo hili, wimbo ulikuwa na uwezo wa kufika pale ambapo mkutano haukuruhusiwa.

Si Usukumani peke yake

Muziki kugawa watu hivi si ajabu. Pwani, beni ilikuwa na Marini na Arinoti. Dar es Salaam ilikuwa na Sikinde na Msondo. Hata muziki mzito wa magitaa, unaoitwa metali, uliopata sura yake Birmingham, Uingereza, Black Sabbath walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, umegawanyika vilevile: wapo wanaotaka kasi tu, wapo wanaotaka mwendo wa pole na mzito kama wa mazishi, wapo wanaotaka sauti ya kuunguruma isiyoeleweka neno. Nairobi ina wapenzi wake. Kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 lililochanganya metali na midundo ya kompyuta. Shabiki wa kasi humdharau shabiki wa pole, kama vile mtu wa bugobogobo anavyomwonea huruma anayekaa chini kuimba wigaashe.

Majaji au umati?

Ubishi wa sasa unahusu matamasha. Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950, sikukuu ya Bulabo huenda pamoja na mashindano ya ngoma. Bariadi nayo imekuwa na tamasha la Simiyu Jambo, lililounganisha mbio za baiskeli na ngoma za asili. Matukio kama haya huleta zawadi, wageni na kamera, na vikundi vinavihitaji. Kusafirisha ngoma, watu na chakula chao ni gharama.

Tatizo ni jukwaa moja. Kikundi kikipewa dakika kumi mbele ya meza ya majaji, kisha kishuke ili kingine kipande, hakuna mpinzani wa kumkodolea macho wala umati wa kumnyang'anya. Manju aliyezoea kupasha uwanja moto kwa saa nzima anajikuta amekatwa kabla hajafika kwenye wimbo wake mzuri. Bugobogobo huvumilia hali hiyo, kwa kuwa jembe linaloruka hueleweka mara moja. Wigaashe huumia zaidi. Ndiyo maana wanaotazama tamasha pekee huondoka wakidhani ngoma ya Kisukuma ni jembe na nyoka tu.

Wapo waandaaji wanaojibu kwamba viwanja viwili vinahitaji eneo kubwa na ulinzi mara mbili, na kwamba ushindi wa umati huacha malalamiko ya dawa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini meza ya majaji nayo haijawahi kukosa anayedai mwenzake aliwahonga.

Anayetaka kuona mashindano kwa kanuni ya zamani asingoje tangazo la mjini. Baada ya mavuno, aulize sokoni siku ya mnada ni kijiji gani Bagalu na Bagika wamepangiana, afike mapema, na asikae mahali pamoja.