IGI 2 Kwenye Laptopu ya Leo: Gemu la Makaka wa Mwanakwerekwe Lililokataa Kufa

Kama uliwahi kusimama nyuma ya kiti cha kaka yako, unamtazama David Jones akinyata ukutani huku kamera ya ulinzi inazunguka, na wewe umekatazwa hata kugusa mausi, basi hii inakuhusu. Kama hujawahi, soma tu. Huenda CD yenyewe bado imo ndani ya droo nyumbani kwenu.

Chukua mfano wa ndugu wawili wa Mwanakwerekwe, mitaa ya nyuma ya soko. Mkubwa siku hizi yuko Muscat, anatafuta riziki. Mdogo amenunua laptopu mpya, mashine ya nguvu, inafungua video na gemu za kisasa bila kuhema. Kaka anarudi nyumbani Sikukuu, na zawadi aliyoitaka ni moja tu: akifika aikute IGI 2 inacheza. Ana deni nayo. Misheni ya mwisho hakuwahi kuimaliza.

Mdogo akaona jambo dogo. Gemu la mwaka 2003 litaishinda laptopu ya leo? Akaitia, akabofya, skrini ikawa nyeusi tii. Akabofya tena, ikajifunga yenyewe.

"Kaka, imekataa."

"Imekataa vipi, na weye una mashine mpya?"

Jibu ni kwamba imekataa kwa sababu mashine ni mpya. Ila kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo.

Gemu lenyewe lilitoka wapi?

Lilitengenezwa Oslo, Norway, na studio ndogo iliyoitwa Innerloop. Kabla yake walikuwa wametengeneza gemu la ndege za kivita, Joint Strike Fighter. Injini ya gemu hilo ndiyo waliyoichukua wakatengenezea Project I.G.I., iliyotoka mwisho wa mwaka 2000. Ndiyo maana uwanja wake ulikuwa mpana hivyo: unaiona kambi ya adui kutoka juu ya kilima, unatoa darubini, unahesabu walinzi, ndipo unashuka. Na jina lenyewe ni kifupi cha maneno yenye maana ya "naingia ndani".

Ile ya kwanza ilikuwa na roho mbaya. Huwezi kusevu katikati ya misheni. Umetambaa nusu saa, risasi moja tu, unaanza upya.

Mwaka 2003 ikaja ya pili, IGI 2: Covert Strike, ikasambazwa na Codemasters. Misheni 19, kutoka Urusi hadi Libya hadi China. Safari hii kusevu kukaruhusiwa, lakini kwa kuhesabu: kila misheni una idadi yako, ukimaliza zimekwisha. Na ukiwa na kompyuta mbili na waya mmoja wa netiweki, unaweza kupigana na mwenzako. Mwaka huohuo, Innerloop ikafunga mlango.

Ilifikaje Unguja?

Haikupitia dukani. Kompyuta nyingi za miaka ile zilikuwa za mtumba, zimeshatumika nje ndiyo zikaletwa, na ndani yake Windows XP. Intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika, na mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kupakua gemu zima ilikuwa ndoto. Kwa hiyo gemu lilitembea kwa miguu: mmoja ana CD, anamchomea mwenzake, huyo anampelekea binamu yake Fuoni, binamu anaipeleka Magomeni. Jina limeandikwa juu kwa kalamu nyeusi, mara nyingine limekosewa. Wengi waliolicheza hawakuwahi kuliona boksi lake.

Ndiyo, ilikuwa nakala isiyo na ruhusa ya mwenyewe. Hilo halifichiki. Lakini na duka la kuuza ile halali halikuwepo.

Halafu kuna umeme. Waliokuwepo wanakumbuka. Mei 2008 kisiwa kizima kikaingia gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hii likakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Maji hayapandi kwenye matangi, vyakula vinaharibika, majenereta yananguruma kila kona kwa waliojaaliwa. Nani angewasha jenereta ili acheze gemu? Yule kaka alibakisha misheni moja. Umeme uliporudi, kompyuta ilikuwa imeshauzwa, maana nyumbani palikuwa na mahitaji mengine. Mdogo wake alikuwa na miaka minane, na ramani zote za misheni anazijua kwa kutazama tu.

Sasa kwa nini laptopu mpya inakataa?

Kwanza, haina pa kutia CD. Mdogo akaazima kisomeo cha nje, kile cha kuchomeka kwa USB. CD imechanika mistari, joto na unyevu wa kisiwani navyo vimefanya kazi yao. Akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ikasoma mara ya tatu.

Pili, gemu la zama za XP linataka kuandika sevu zake ndani ya folda lilimo. Tangu Windows Vista, folda la Program Files linalindwa. Dawa: liweke gemu kwenye folda lako mwenyewe, mfano C:\Games.

Tatu, bofya faili la gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Compatibility, chagua Windows XP na uweke alama kwenye kuliendesha kama msimamizi. Hapa gemu nyingi za zamani huamka. Nyingine hapana.

Nne, picha. Gemu linazungumza DirectX ya zamani, kadi ya leo inazungumza ya kisasa, hawaelewani. Kuna programu ya bure iitwayo dgVoodoo 2, hiyo ni mkalimani. Unaweka faili zake kando ya faili la gemu, basi. Ukikuta picha imevutwa kama mpira, ni kwa sababu gemu lilitengenezwa kwa skrini za umbo la 4:3. Chagua umbo hilohilo, ukubali mistari myeusi pembeni.

Tahadhari moja: tangu 2015 Windows 10 haikubali tena SafeDisc, kinga iliyotumika kwenye CD nyingi halali za zamani. Kwa hiyo hata mwenye CD halali ya gemu la zama zile anaweza kukwama. Usikimbilie kila faili la "kutibu" unalolikuta mtandaoni, mengi yana virusi.

Saa nane usiku

Menyu ikafunguka. Mdogo hakucheza. Alipiga picha skrini, akaituma Muscat. Jibu likaja papo hapo, saa tisa kule: "Usiguse. Nisubiri."

Sasa piga hesabu. Studio iliyolitengeneza ilikufa 2003. Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Mwaka 2019 ilitangazwa IGI mpya, Origins, watu wakafurahi; 2023 ikafutwa kabla ya kutoka. Kwa upande wa wakubwa, hakuna aliyebaki kulitunza gemu hili kwa ajili ya mtoto wa Mwanakwerekwe. Kama bado linafunguka mtaani leo, ni kwa sababu ya vijana wasiojulikana majina, waliochomeana CD na kuziweka droo moja na vyeti vya shule.

CD za kuchoma hazidumi. Kila masika inayopita inazila kidogo. Kama unayo nyumbani, inakili leo kwenye kompyuta na flashi, kabla kisomeo hakijasema hakioni kitu.

Kaka anatua Sikukuu. Misheni moja imebaki, na safari hii mdogo hatasimama nyuma ya kiti. Wameshaazima laptopu ya pili na waya.

Wewe uliishia misheni ya ngapi, na nani alikuwa anakukataza kugusa mausi? Tupia hapo chini.