Kubofya na Kuhakiki: Historia Fupi ya Hesabu ya Matangazo

Neno kubofya ni la zamani kuliko vyombo vinavyohusishwa nalo siku hizi. Maana yake ya asili ni kuminya kitu kilaini kwa kidole, hasa tunda, ili kujua kama limeiva. Mnunuzi wa maembe hubofya kwanza, kisha ndipo atoapo fedha yake. Leo neno lilo hilo ni jina la kitendo cha kugusa tangazo katika kioo cha simu au tarakilishi, na mara nyingi kila mguso una bei. Lakini hapa mambo yamegeuka: abofyaye siye alipaye, na alipaye hamwoni abofyaye. Basi mbofyo, ambao kwa asili ulikuwa jaribio, sasa wenyewe wahitaji kujaribiwa.

Haja ya kuhesabu waliofikiwa na tangazo haikuanza na intaneti. Kitenzi tangaza chatokana na tangaa, yaani kuenea, na zamani habari ilienea kwa sauti. Mpiga mbiu aliwaona kwa macho watu waliomsikiliza, wala haikuwapo hesabu ya kubishaniwa. Mambo yalibadilika tangazo lilipopigwa chapa, kwa maana msemaji na msikilizaji walitengana. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa na serikali ya Tanganyika huko Dar es Salaam mwaka 1923. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mizigo na barua za pwani ziliweza kwenda kwa gari la moshi hadi ziwani, na kutoka hapo kwa meli hadi Musoma. Nakala moja ifikapo mahali kama Iringo, au vijiji vya upande wa Bunda na Butiama, huweza kusomwa na mmoja mbele ya wengi, au kukaa kifungoni bila kusomwa kabisa. Idadi ya nakala si idadi ya wasomaji, wala idadi ya wasomaji si idadi ya wanunuzi.

Wafanyabiashara wa nchi za Magharibi walikwisha kulitambua jambo hili, nao walilitafutia dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kukagua madai ya wenye magazeti juu ya nakala walizouza. Chama cha ukaguzi wa namna hiyo kiliundwa Marekani mwaka 1914, na Uingereza mwaka 1931. Ya pili ilikuwa kuponi yenye alama. Mwenye bidhaa aliweka katika kila gazeti kuponi yenye herufi au namba yake pekee, na mnunuzi alipoikata na kuipeleka kwa posta, ilijulikana mara moja ni gazeti lipi lililomleta. Claude Hopkins, bingwa wa matangazo wa Marekani, aliieleza njia hii katika kitabu chake Scientific Advertising cha mwaka 1923, mwaka ule ule wa Mambo Leo.

Kiungo cha kufuatilia ni mjukuu wa kuponi ile. Tarehe 27 Oktoba 1994 matangazo ya kwanza ya picha yenye kubofyeka yalitokea katika tovuti ya HotWired huko Marekani. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com iliyoanzishwa na Bill Gross ilianza kuuza nafasi kwa bei ya kila mbofyo, na Google ikaifuata njia hiyo mwaka 2002. Alama ya kuponi ikawa herufi zilizopachikwa mwishoni mwa anwani. Herufi utm zionekanazo hata leo katika anwani nyingi ni masalio ya jina la kampuni ya Urchin, iliyonunuliwa na Google mwaka 2005. Lakini kuponi ilihitaji mkasi, bahasha na stempu, na kwa hiyo kughushi elfu moja kulikuwa kazi ya kuchosha. Mbofyo hauna gharama, na programu moja yaweza kubofya usiku kucha.

Mashtaka hayakukawia. Mwaka 2005 duka la Lane's Gifts la Arkansas liliishtaki Google kwa kuwatoza watangazaji fedha za mibofyo isiyo ya kweli, na mwaka 2006 shauri likaisha kwa mapatano yaliyofikia dola milioni 90. Katika shauri hilo mtaalamu Alexander Tuzhilin wa Chuo Kikuu cha New York aliandika taarifa iliyogusa kiini cha jambo: mara nyingi haiwezekani kujua nia ya mtu kwa kuutazama mbofyo wake tu. Baadaye hila zilikua. Katika mpango uliofichuliwa mwaka 2016 kwa jina la Methbot, mashine zaidi ya 1,900 zilijifanya watu: zilisogeza kishale, zilishuka ukurasa, zilianzisha na kusimamisha filamu. Kiongozi wake, Aleksandr Zhukov, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na mahakama ya New York mwaka 2021.

Bara la Afrika halikusalimika. Mwezi wa Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu za bei nafuu za Tecno W2 zilikutwa na programu za siri, Triada na xHelper, ndani yake. Programu hizo zilijaribu kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipiwa bila wao kujua. Miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 ilihesabiwa kutoka simu zaidi ya 200,000, na Ethiopia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa zaidi. Watengenezaji walisema kosa lilitoka kwa mmoja wa waliowapa vifaa, na kwamba marekebisho yalikwisha kutolewa. Iwavyo yote, mwenye kuumia hapo hakuwa mtangazaji tajiri wa mbali, bali mtu aliyeona salio lake likiyeyuka.

Na ichukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa Iringo auzaye nyavu na taa za kuvulia dagaa, akatangaza bidhaa zake kwa wavuvi wa mialo. Kabla ya kulipa yampasa akijaribu kiungo: akibofye mara moja kwa simu ijulikanayo, atazame kama chafika ukurasa uliokusudiwa, ahakikishe kwamba alama haikupotea njiani katika kuhamishwa kutoka anwani moja hadi nyingine, tena aone kwamba mbofyo mmoja umeandikwa mmoja, na oda ya majaribio imeandikwa penye alama yake. Mwisho aiondoe mibofyo hiyo ya majaribio katika hesabu.

Tangazo likishaanza, ndipo dalili zitafutwapo. Mibofyo mia kutoka anwani moja kwa dakika chache yatia shaka. Vivyo hivyo programu iliyodaiwa kuwekwa katika simu sekunde mbili baada ya mbofyo, muda usiotosha hata kuipakua. Mibofyo mingi mno isiyozaa oda hata moja nayo yahitaji kuulizwa. Walakini dalili si ushahidi. Makampuni ya simu huwapitisha wateja wengi katika anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mia wa anwani moja waweza kuwa watu mia wa kweli. Tena mkaguzi akaaye mbali huitilia shaka mibofyo ya saa nane za usiku. Lakini dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, katika giza la mwezi, na wavuvi huwa macho saa hizo. Kando ya ziwa hesabu ya mibofyo huenda ikapanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Asiyejua desturi ya mahali aweza kuwafuta wanunuzi halisi na kuwaacha walaghai.

Kwa hiyo uangalifu wa maneno wahitajika pia. Mbofyo batili na mbofyo wa ulaghai si kitu kimoja. Batili ni kila mguso usiostahili kulipiwa, hata wa mtoto achezeaye simu au wa kidole kilichogusa mara mbili. Ulaghai ni sehemu tu ya huo ubatili, nao wahitaji nia, na nia huthibitishwa mahakamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 yahesabu udanganyifu ufanywao kwa kompyuta kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawekea mipaka ukusanyaji wa habari za watu, hata ukifanywa kwa jina la uhakiki. Mwenye kuyachanganya maneno haya mawili atamwita mwizi mtu aliyeteleza kidole. Maana ya kale ya kubofya yasaidia kuyatenganisha: abofyaye embe ataka kujua jambo, mashine iguswayo kwa amri haitaki kujua lolote, na hapo ndipo mbofyo wake upunguapo maana, ijapokuwa katika daftari umeandikwa sawa na mwingine.