Sakafu ya mbao: kutoka Versailles hadi sebuleni kwetu

Sisi huku Leicester wazima, ila baridi tu. Kaka kaniuliza kwenye simu mbona nimekaa wiki tatu nachagua sakafu, wakati kwetu ni saruji na rangi nyekundu, kazi imekwisha. Haya kaka, soma.

Nyumba yetu ni ya miaka ya 1890. Chini ya mbao kuna uwazi, na ukutani kuna matofali yenye matundu ili hewa ipite, mbao zisioze. Enzi hizo Waingereza walileta misonobari kwa meli kutoka nchi za Baltiki na Skandinavia. Ilikuwa mbao ya kawaida, wala haikutakiwa kuonekana: katikati zulia, pembeni rangi ya kahawia. Leo watu wanalipa fundi aifunue!

Mbao ya kuringia ilikuwa ile ya vipande vilivyopangwa kwa nakshi. Pale Versailles mwaka 1684 waling'oa marumaru wakaweka hiyo, maana maji ya kuoshea marumaru yalikuwa yanaozesha maboriti ya chini. Baadaye Ulaya ikafuata hata miti ya kwetu. Muhuhu wa Kenya na Tanzania ulisafirishwa kuja kutandazwa kwenye sakafu zinazokanyagwa sana, kwa ugumu wake.

Wodini hamna mbao. Maungio yanashika uchafu, na sisi tunadeki kutwa. Hapo namshukuru Mwingereza Frederick Walton, aliyesajili linoliamu mwaka 1863: mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa magome, juu ya turubai.

Madukani sasa kuna aina mbili zinazonisumbua. Ya kwanza ni ya matabaka, mbao nzuri juu na ya bei nafuu chini. Msweden Gustaf Kähr aliipatia hataza mwaka 1941, na haipindi ovyo kama ubao mzima. Ya pili ni lamineti, iliyobuniwa na kampuni ya Perstorp, Sweden hukohuko, mwaka 1977. Hiyo jamani ni picha ya mbao! Ikiingia maji inavimba, ikichubuka huwezi kuipiga msasa.

Baba watoto alitaka lamineti ili hela ibaki ya bati za mama. Nimemwambia mbao za zamani tunazo tayari, bure, chini ya kapeti. Jumamosi tunakodi mashine ya msasa. Hela ya bati inatoka mwisho wa mwezi. Kaka, mtafute fundi mapema kabla ya masika.