Jumba la Stauf: Mafumbo ya Kale Ndani ya Mchezo wa 1993

Keki iko mezani, imepangwa miraba 30. Miraba 12 ina mafuvu, mingine 12 ina mawe ya kaburi, na sita iliyobaki haina kitu. Mchezaji anatakiwa kuigawa keki hiyo mafungu sita, kila fungu liwe na miraba mitano iliyoshikana: mafuvu mawili, makaburi mawili na mraba mmoja mtupu. Hakuna saa inayomhesabia wala zimwi linalomkimbiza. Yumo peke yake katika chumba cha kulia chakula, gizani, akisogeza kipanya, na kila akikawia husikia sauti ya mwenye nyumba ikimcheka kwa uzito wa akili yake.

Hivyo ndivyo The 7th Guest ulivyowakaribisha wageni wake. Mchezo huo wa kompyuta ulitoka Aprili 1993, kazi ya kampuni changa iitwayo Trilobyte iliyokuwa Oregon, magharibi mwa Marekani, ukasambazwa na kampuni ya Virgin. Nakala zaidi ya milioni mbili ziliuzwa. Bill Gates aliusifu hadharani kuwa kipimo kipya cha burudani ya kompyuta, na wapo watu waliokwenda dukani kununua kiendeshi cha CD kwa sababu yake tu. Sifa hizo karibu zote zilikuwa za picha. Anayeufungua leo hukuta jambo jingine: picha zimezeeka, lakini mafumbo yake, ambayo mengi yalikuwa mazee tangu siku ya kwanza, bado yanawakalisha watu kitako usiku kucha.

Mwanzo wake ni chakula cha mchana. Mwaka 1990, Graeme Devine, mtaalamu wa programu mzaliwa wa Scotland, na mchoraji Rob Landeros walikuwa wameajiriwa na Virgin huko California. Walihudhuria mkutano kuhusu CD, teknolojia ambayo wakati huo kila mtu aliizungumzia na wachache tu waliyajua matumizi yake, wakarudi na wazo: jumba lenye mizimu, wageni walioalikwa, na fumbo katika kila chumba. Walichanganya vionjo vya mchezo wa mezani wa Cluedo na tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks iliyokuwa gumzo mwaka huo. Bosi wao, Martin Alper, alilisoma andiko lao, akawaalika kula, na hapo mezani akawaambia kwamba kazi yao imekwisha. Kisha akawaeleza sababu: wazo lile lilikuwa kubwa mno kutengenezwa ndani ya ofisi yake, kwa hiyo waondoke, waanzishe kampuni yao, nayo Virgin itawapa mkataba. Wakahamia Oregon.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi waliyojitwika, ni lazima kurudi kwenye kompyuta za siku zile. Michezo iliuzwa kwenye flopi, na flopi moja ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44. CD moja ilibeba megabaiti 650 hivi, yaani shehena ya flopi zaidi ya 400. The 7th Guest ulijaza CD mbili na haukutolewa kwenye flopi kabisa. Hilo lilikuwa dau la hatari, maana nyumba nyingi zenye kompyuta hazikuwa na kiendeshi cha CD.

Nafasi ilipatikana, lakini mwendo ulikuwa wa kobe. Kiendeshi cha wakati huo kilisoma kilobaiti 150 kwa sekunde. Picha moja tu ya mchezo huu, yenye upana wa nukta 640, kimo cha nukta 320 na rangi 256, ingehitaji kilobaiti 200 kama isingebanwa. Maana yake, picha moja isiyosogea ingechukua zaidi ya sekunde kufika kwenye skrini, ilhali mchezo ulitaka kumpandisha mtu ngazi kwa mwendo laini, picha nyingi kila sekunde, na sauti juu yake. Devine ndiye aliyeandika programu ya kuzibana na kuzifungua picha hizo, akaiita Groovie. Mshangao wa wanunuzi wa 1993 ulitoka hapo: jumba zima lilionekana kugeuka na kusogea mbele ya macho yao, ngazi zikipinda, milango ikifunguka, na vivuli vikipita kwenye dari.

Mpango wa awali ulikuwa kupiga picha ndani ya nyumba halisi ya zamani mjini Jacksonville, Oregon. Uliachwa Robert Stein III alipoonyesha kwamba kwa programu ya 3D Studio angeweza kulijenga jumba lote ndani ya kompyuta, taa na mapazia na kila kitu. Wakazi wa jumba hilo, hata hivyo, walikuwa watu wa kweli. Waigizaji walirekodiwa kwa video mbele ya pazia la samawati, ili baadaye rangi hiyo iondolewe na wao wapachikwe ndani ya vyumba. Kazi haikutoka safi. Kingo za miili zilibaki na utando wa mwanga ambao haukukubali kufutika.

Badala ya kupambana nao, watengenezaji waliuacha. Wahusika wote walikuwa wafu, na mfu anaruhusiwa kung'aa kingo. Wakawafanya wapenyeze nuru kidogo, wakawaacha watokee na kuyeyuka katikati ya chumba, na kosa la kiufundi likawa ngozi ya mizimu. Katika historia nzima ya mchezo huu, hakuna uamuzi uliokuwa wa busara kuliko huo. Michezo mingine mingi ya miaka ile iliyotumia waigizaji wa video huonekana leo kama karatasi zilizobandikwa juu ya ukuta. Hapa, kubandikwa huko kuna sababu ndani ya hadithi.

Na hadithi yenyewe ni ya kutisha kwa namna ya simulizi za kale. Henry Stauf ni mzururaji anayemuua mwanamke kwa ajili ya vijisenti vilivyomo mkobani mwake. Usiku anaota mwanasesere mzuri ajabu; anaamka, anamchonga, na mwanasesere huyo anampatia chakula na kitanda. Anaota tena, anachonga tena, anatajirika. Kisha watoto wanaowakumbatia wanasesere wake wanaanza kuugua na kufa mmoja mmoja. Stauf anajenga jumba nje ya mji wa kubuni wa Harley-on-the-Hudson, jimboni New York, anajifungia humo, na siku moja mwaka 1935 barua za mwaliko zinawafikia watu sita: mwimbaji wa zamani, mfanya mazingaombwe, mwanamke anayetamani ujana urudi, mfanyabiashara, na mume na mke ambao ndoa yao imewachachia. Kila mmoja ana kitu anachokitaka kuliko haki. Mgeni wa saba ni mtoto, Tad, ambaye roho yake ndiyo Stauf anayoihitaji ili kukamilisha mkataba wake na nguvu za giza. Msomaji akizipanga upya herufi za jina Stauf atapata Faust, msomi wa ngano za Kijerumani aliyemuuzia shetani roho yake. Jina la mwenye nyumba, basi, ndilo fumbo la kwanza, na liko mlangoni.

Maneno ya kitisho hicho yaliandikwa na Matthew Costello, mwandishi wa riwaya za kutisha. Mafumbo yana ukoo mrefu zaidi.

Lipo la kupanga malkia wanane kwenye ubao wa sataranji bila hata mmoja kuweza kumshambulia mwenzake. Fumbo hilo lilitangazwa na Mjerumani Max Bezzel mwaka 1848, na Carl Friedrich Gauss, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa dunia, alilishughulikia. Lina majibu 92. Lipo la farasi weusi na weupe wanaotakiwa kubadilishana nafasi kwa miruko yao ya kupinda. Ndugu yake wa karibu, lenye farasi wanne kwenye ubao wa miraba tisa, huhusishwa na Mwitalia Guarini na mwaka 1512. Lipo la maaskofu wa sataranji wanaohama upande mmoja hadi mwingine bila kupita penye hatari, fumbo la aina aliyoipenda Mwingereza Henry Dudeney, aliyechapisha mkusanyo wake mkubwa mwaka 1917. Trilobyte hawakuyavumbua haya. Waliyakusanya kutoka sebule za karne zilizopita, wakayavisha mafuvu na majeneza, wakayapa chumba kila moja.

Wapo wahakiki waliolalamika kwamba mafumbo hayahusiani na hadithi, kwamba kugawa keki hakumsogezi mtu karibu na siri ya Stauf. Hoja hiyo ina nguvu kwa mafumbo kadhaa. Lakini inasahau kazi ya mwenye nyumba. Stauf ni mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Jumba lake ni duka lake, na wageni ni watoto anaowachezea. Mtu kama huyo angeweka nini mezani isipokuwa fumbo?

Fumbo linalokumbukwa kwa hasira kuliko yote liko jikoni. Kwenye rafu pana makopo yenye herufi, na mchezaji anatakiwa kuyapanga yatoe sentensi ya Kiingereza. Herufi za irabu za kawaida hazimo hata moja. Iliyopo ni Y tu, inayorudiwa katika kila neno. Hata waliozaliwa na Kiingereza walikwama. Kwa msemaji wa Kiswahili lina ladha ya pekee, kwa kuwa lugha yake isingeweza kabisa kulizaa. Kiswahili hufunga karibu kila silabi kwa irabu. Ukitoa a, e, i, o na u, halibaki neno la kutamkika. Fumbo la makopo ni mwana wa tahajia ya Kiingereza, na haliwezi kuvuka mpaka wake. Malkia wanane wamevuka mipaka yote.

Aliyeshindwa hakuachwa afe njaa. Maktaba ya jumba ina kitabu cha madokezo. Mara ya kwanza kinadokeza, mara ya pili kinafafanua, mara ya tatu kinalifungua fumbo lenyewe, ila aliyefunguliwa hivyo anakosa tukio ambalo angeonyeshwa kama angelitatua kwa akili zake. Ni bei ya haki. Michezo mingi ya wakati ule ilimwacha mtu agonge ukuta kwa wiki nzima au apige simu ya kulipia kuomba msaada. Vilevile, kielekezi cha kipanya kilizungumza bila maneno: mkono wa mifupa ulimwita mtu kwa kidole mahali pa kupita na kumkatalia pasipopitika, na fuvu lenye ubongo unaodunda lilitangaza fumbo. Mtoto asiyejua kusoma angejua pa kubonyeza.

Sauti ya Stauf ni ya Robert Hirschboeck, mwigizaji wa jukwaani aliyetoka kwenye tamasha la Shakespeare la Oregon, mjini Ashland, jirani na ofisi za Trilobyte. Alizoea kufikisha neno hadi safu ya nyuma ya ukumbi bila maikrofoni, na inasikika. Waigizaji wenzake wengine wanazidisha chumvi. Yeye anaizidisha pia, lakini kwa furaha ya mzee mwovu anayeipenda sauti yake mwenyewe. Muziki ni wa George Sanger, mtunzi wa Texas anayejulikana kwa jina la The Fat Man, na CD ya pili ilikuwa na nyimbo ambazo redio ya kawaida ya CD iliweza kuzipiga.

Utukufu haukudumu. Septemba 1993 ulitoka Myst, mchezo mwingine wa mafumbo kwenye CD, mtulivu na usio na waigizaji wengi, nao ukauzwa kuliko jumba la Stauf. Desemba mwaka huohuo ilikuja Doom ya id Software, ambamo vyumba vilichorwa papo hapo na mchezaji akakimbia atakako, badala ya kufuata njia iliyorekodiwa. Trilobyte walijibu kwa The 11th Hour, uliocheleweshwa hadi mwisho wa 1995, ukiwa na CD nne na video nyingi zaidi. Kufikia hapo video ndani ya mchezo haikuwa muujiza tena. Waasisi wawili walitofautiana kuhusu njia ya kwenda, Landeros akaondoka, kampuni ikafifia, na mwaka 1999 Devine akaenda kufanya kazi id Software, kwenye nyumba ya Doom.

Jumba lilibaki mikononi mwa waliolipenda. Watu wa kujitolea wa mradi wa ScummVM, wanaoziwezesha kompyuta za leo kuendesha michezo ya zamani, waliifundisha programu yao lugha ya Groovie, na mwenye CD zake za 1993 anaweza kuzitumia tena. Desemba 2010 mchezo uliingia kwenye simu za Apple. Mwaka 2019 mashabiki walitoa The 13th Doll, mwendelezo walioujenga kwa miaka mingi kwa michango ya umma. Na Oktoba 2023 Vertigo Games ilitoa toleo jipya la miwani ya uhalisia pepe, ambalo waigizaji wake walirekodiwa kwa kamera nyingi kwa pamoja, kiasi kwamba mchezaji anaweza kumzunguka mzimu na kumtazama kisogoni.

Mizimu ya 1993 haina kisogo. Inatokea mbele ya mtu, bapa, inasema yake na kuyeyuka, na kwenye skrini pana za leo ule utando wa mwanga kwenye kingo zao unaonekana wazi kuliko ulivyoonekana enzi zao. Kwenye chumba cha kulia, keki bado ina miraba 30.